Neno Lililombakia Nonna

Nonna Vikentievna alikuwa na sauti ambayo ungeisikia kabla hujaiona boti yenyewe. Haikuwa sauti ya makelele. Ilikuwa nzito kidogo, imekwaruzwa na sigara za ujanani, na ilipita juu ya maji ikagonga kuta za mawe za mfereji ikarudi. Mimi niliyekuwa nimekaa kwenye kibanda cha tikiti pale Daraja la Anichkov, chini ya wale farasi wa shaba, nilijua amefika wapi na abiria wake wanamchukuliaje. Wakicheka kabla ya kukata kona, ilikuwa siku njema.

Mji wetu wakati huo ulikuwa bado ukiitwa Leningrad. Watu walikuja kuutazama kutoka kila pembe ya nchi: wachimba makaa, wakamua maziwa wa mashamba ya ushirika, maharusi, wajane. Nonna aliwapokea wote sawa. Alisimama kwenye pua ya boti, uso wake kwa abiria na mgongo kule boti inakoelekea, kipaza sauti mkononi, akawasimulia makasri yaliyokuwa yakimpita nyuma ya bega bila yeye kugeuka kuyatazama. Aliyajua yalipo kama unavyojua kiti chako kilipo mezani.

"Ndugu zangu," angesema, "hili tunalolikaribia ni Daraja la Mabusu. Msianze kubusiana, halihusiani. Palikuwa na mfanyabiashara hapa mwenye kilabu cha pombe, jina lake la ukoo ndilo hilo, Busu. Lakini kama mmeshaanza, haya, malizeni."

Aliyeshika usukani ni mumewe, Demyan Savelyevich. Kibanda chake cha vioo kilikuwa nyuma kabisa, injini ikinguruma chini ya miguu yake, kwa hiyo miaka zaidi ya ishirini waliyofanya kazi pamoja hakuwahi kusikia hata sentensi moja nzima ya mkewe akiwa kazini. Alimwona tu. Siku nzima walikuwa wakitazamana juu ya vichwa vya abiria, yeye akimwona mkewe anafungua mdomo na kuufunga, anainua mkono kushoto, anainua mkono kulia, watu wanageuza shingo. Kazi yake ilikuwa kuendesha na kupiga kengele. Madaraja yetu mengine yako chini sana, na Nonna hakuwa na macho kisogoni. Kengele ikilia mara moja, aliketi kwenye kigoda chake na kuwaambia watu wainamishe vichwa. Daraja likishapita, akasimama na kuendelea pale pale alipoachia.

Nawajua hao wawili kwa sababu nilikaa nao nyumba moja. Tulikuwa familia tano kwenye fleti ile mtaa wa Kolomna, jiko moja, bafu moja, na foleni ya choo kila asubuhi. Mimi nilikuwa na chumba cha mwisho, wao chumba kikubwa chenye dirisha la mtaani. Nonna ndiye aliyenitafutia kazi ya tikiti nilipoachwa na mume. Alinijia jikoni akasema, "Kapa, umelia vya kutosha. Unajua kuhesabu? Basi vaa viatu." Nikavaa.

Walivyooana ni kichekesho. Yeye alikuwa amesoma historia chuo kikuu, binti wa mjini aliyebaki peke yake baada ya vita. Demyan alitoka mji mdogo kule Ladoga, mtoto wa watu wa mto, aliyekuwa hajui kukaa kwenye kiti bila kukiegemeza ukutani. Siku ya kwanza walipopangiwa boti moja, alimwambia, "Wewe msichana unaongea sana. Utamaliza hewa ya mji mzima."

"Na wewe unanyamaza sana," Nonna akamjibu. "Mdomo utakuota ukungu."

Mwaka uliofuata walikuwa mtu na mkewe. Wakapata binti mmoja, Rimma, aliyekuja kuolewa mbali, Petrozavodsk.

Jambo moja tu lilimkera Nonna. Demyan hakuwahi kuingia ndani ya jumba lolote kati ya yale aliyoyapita kila siku ya kiangazi. Majira ya baridi maji yakishaganda na boti kuvutwa nchi kavu, Nonna alikuwa mtu wa makumbusho. Kila Jumapili alikuwa hapa au pale, anatazama picha, anapiga soga na akina mama wanaolinda vyumba. Akimsihi mumewe waende wote, jibu lilikuwa lile lile.

"Mimi haya majumba nayajua kwa nje. Ndani kuna nini, vitanda? Kitanda ninacho."

"Kuna dunia nzima mle ndani, Dyoma," angemjibu kwa jina lake la nyumbani.

"Madaraja nayajua kwa kimo, Nonna. Hili linanipa kiganja kimoja juu ya kibanda, lile linanipa viwili. Nani alimuua nani kwenye chumba gani, hayo ni ya kwako. Tutakwenda mwakani."

Ikawa mwakani, mwakani.

Siku yenyewe ilikuwa mwanzoni mwa vuli, mwaka wa themanini na nne. Upepo ulikuwa unatoka Ghuba ya Ufini tangu alfajiri, na upepo huo ukivuma hivyo, mto hauwezi kumwaga maji yake baharini. Maji yanarudi nyuma, yanapanda kwenye mifereji, na madaraja yanakuwa kama yameshuka. Kila mtu wa boti anajua. Demyan alikuja kibandani kwangu akiwa amekunja uso.

"Kapa, usiuze. Leo hatutoki."

Lakini kikundi kilikuwa kimeshafika. Walikuwa walimu wastaafu kutoka Chita, wanaume kwa wanawake, wameshavaa makoti yao mazuri, mmoja wao amebeba ua lililofungwa gazetini. Nonna alikuwa ameshaanza kupiga nao soga.

"Maji yamepanda," Demyan alimwambia.

"Yamepanda kiasi gani?"

"Kiasi cha kunifanya nisitoke."

"Dyoma, hawa watu wametoka Chita. Wamelala kwenye treni karibu wiki nzima. Kesho wanarudi. Unafikiri watakuja tena? Mtazame yule babu. Atakuja tena huyo?"

Demyan alimtazama yule babu, akatazama maji. Nilikuwa nawasikia wote wawili kupitia kidirisha changu.

"Tutapita penye nafasi tu," akasema hatimaye. "Na ile mifereji midogo tunaiacha."

"Nani kakataa? Iache."

"Na ukisikia kengele unakaa. Usimalize sentensi. Unakaa."

"Nimekuwa nikikaa tangu Rimma hajazaliwa, mzee. Washa chombo."

Nikawakatia tikiti wakaenda.

Nilichosikia kwanza waliporudi ni kimya. Boti ilitokea kwenye kona na injini yake, na juu ya injini hakukuwa na kitu. Nikafikiri kipaza sauti kimeharibika. Halafu nikaona abiria wote wamesimama, jambo ambalo hawaruhusiwi, na mama mmoja mikono ya koti lake jeupe ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko. Nonna alikuwa amelazwa sakafuni kichwa chake mapajani mwa yule mama. Demyan aliifunga boti mwenyewe, vizuri kabisa, kamba mbele, kamba nyuma, kama siku zote. Kisha akakaa juu ya gati.

Daraja lililompiga silitaji. Lipo, watu wanapiga picha juu yake, na daraja halina kosa. Ni daraja ambalo siku nyingine, hata kama angechelewa kuketi, lisingemgusa. Siku ile ilibidi akae. Walimu walisimulia kwamba yule babu alikuwa amesema neno la mzaha, boti nzima ikacheka, Nonna naye akatupa kichwa nyuma kwa kicheko, na ukingo wa jiwe ukamkuta pale kisogoni.

Tume iliundwa. Swali lao kubwa lilikuwa moja: kengele ililia au haikulia? Waliwahoji walimu wa Chita pale hotelini kabla hawajapanda treni. Wengine walisema waliisikia. Wengine walisema hawakuisikia. Mmoja aliapa kwamba boti haikuwa na kengele kabisa. Na walipomuuliza Demyan mwenyewe, alisema, "Sijui."

"Hujuije? Mkono ni wako."

"Nimelipigia kengele daraja lile maelfu ya mara. Nikifumba macho nauona mkono wangu unavuta kamba. Lakini sijui kama ni mkono wa siku ile."

Wakaandika kwamba hakupaswa kutoka gatini maji yakiwa vile, wakamnyang'anya leseni kwa miaka miwili na kumpeleka yadi ya matengenezo, kukwangua kutu na kupaka rangi matumbo ya boti za wenzake. Hakulalamika hata kidogo. Nadhani alitamani wamfunge, ilimradi waseme alipiga au hakupiga.

Nonna hakufa. Alilala hospitali hadi theluji ya kwanza, na tulipomleta nyumbani alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa upande mmoja, mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Daktari alitueleza pale koridoni kwamba akili ipo, anaelewa mengi, ila njia ya maneno kutoka kichwani hadi mdomoni imebomoka. Limebaki neno moja. Hakuna ajuaye kwa nini linabaki hili na si lile, alikuwa na mgonjwa mwingine, alisema, aliyebakiwa na neno "Jumanne."

Neno la Nonna lilikuwa "daraja."

Akitaka chai, daraja. Dirisha lifungwe, daraja. Mguu unamuuma, daraja. Mwanzoni nilikuwa nakimbilia chumbani kwangu nikalie huko, asinione. Kisha tukazoea, kwa sababu binadamu anazoea, na kwa sababu neno lile alilitamka kwa namna nyingi mno. Kulikuwa na daraja la kuomba, daraja la kushukuru, na daraja la kufukuza watu. Siku moja jirani yetu wa chumba cha kati alichota supu yangu ya kabichi akidhani hakuna anayemwona. Nonna, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na jiko, akamwambia "Daraaaja!" kwa sauti iliyomfanya yule mtu arudishe supu, afunike sufuria, na aombe radhi. Tulicheka siku hiyo hadi Demyan akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Alipoelezwa naye akacheka. Halafu akanyamaza ghafla, kama mtu aliyekumbuka kwamba hakuruhusiwa.

Alimhudumia mwenyewe. Alimwosha, alimlisha kwa kijiko, alijifunza kumsuka zile nywele zilizoota upya. Rimma alikuja akataka kumchukua mama yake Petrozavodsk. Baba yake akasema, "Utamchukua ukinichukua maiti." Rimma akalia, akapika chapati nyembamba za kutosha wiki nzima, akarudi kwa watoto wake.

Ilikuwa kwenye majira yale ya baridi ndipo Demyan alipoanza kwenda makumbusho.

Sikuambiwa na mtu. Nilimwona Jumapili moja amevaa suti yake ya harusi, iliyombana kifuani, anafuta viatu.

"Unakwenda wapi, Demyan Savelyevich? Kuna mazishi?"

"Nakwenda Kasri la Majira ya Baridi," akasema. "Kaa naye hadi nirudi. Kuna viazi."

Alirudi saa za alasiri uso umemvimba kwa baridi. Akavuta kiti mbele ya mkewe, magoti kwa magoti, akaanza kumsimulia. Alikuwa hajui kusimulia yule mzee. Alisema, "Nonna, kuna ngazi. Nyeupe. Kubwa. Kuna dhahabu." Akafikiri. "Kuna saa ina ndege wa dhahabu, tausi, na jogoo, na bundi. Siku zilizopangwa wanaiwasha, tausi anafungua mkia. Leo haikuwashwa. Nilipotea. Nikamuuliza mama mmoja njia ya kutokea, akanipeleka kwenye picha ya mzee amempokea mwanawe aliyepiga magoti, kiatu kimemtoka mguuni. Nikasimama hapo. Sijui nilisimama muda gani."

Nonna alikuwa anamtazama kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. "Daraja," akamwambia, polepole. Endelea.

Basi ikawa kila Jumapili. Alikwenda kwenye majumba yote aliyoyapita miaka ishirini akiyajua kwa kimo cha madaraja yake tu. Alirudi na ngazi, meko, dari zilizochorwa, vitanda vya wafalme ambavyo, alisema, ni vifupi kuliko cha kwao. Alikuwa anamletea maneno yake, alivyoona yeye. Mimi nilikuwa namenya viazi na kusikiliza. Ukweli ni kwamba alichanganya mambo vibaya sana. Siku moja alisema mfalme Pavel aliuawa na wakubwa wake ndani ya jumba la manjano la kando ya mto Moika. Nonna akashika kijiko kwa mkono wa kushoto na kupiga meza.

"Daraja! Daraja, daraja, daraja!"

"Si huko?"

"Daraja!"

"Kwa hiyo huko aliuawa yule mtawa mwenye ndevu, kipenzi cha malkia. Na mfalme ni kwenye ngome nyekundu, kule bustanini."

Akatulia. Alikuwa ametoka jasho. Na nilimwona Demyan anainamisha kichwa kuficha furaha, kwa sababu mkewe alikuwa amemkemea kama zamani.

Jumapili nyingine alirudi mapema. Nilijua alikokwenda, kwenye jumba moja la kando ya mto walikoweka mambo ya miaka ile ya vita mji ulipozingirwa na Wajerumani na watu wakafa njaa. Nonna alikuwa mtoto wakati huo. Aliwasimulia abiria kila kitu cha mji huu isipokuwa hicho, na mumewe vilevile hakuwahi kumwambia zaidi ya kwamba mama yake na kaka yake walibaki huko. Demyan alivua kofia, hakuvuta kiti. Alisimama nyuma yake akaweka mikono miwili mabegani mwake.

"Daraja?" akauliza Nonna. Leo je?

"Leo wamefunga," akasema. "Kuna matengenezo."

Alipokwenda kuning'iniza koti nilimfuata koridoni. Alikuwa ameegemea ukuta. "Kapa," akasema, "wameweka kipande cha mkate kwenye mizani. Ndicho chakula cha siku nzima. Mimi nimekuwa nikimcheka akiokota makombo mezani." Hakusema lingine, na hatukulizungumza tena.

Sasa lipo jambo ambalo ningependa kuliruka, lakini bila hilo hamtamjua Demyan. Alikuwa akimuuliza. Karibu kila siku, baada ya kumlisha, alipiga magoti mbele ya kiti na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Nonna, nilipiga kengele? Uliisikia?" Naye anajibu, "Daraja." Akauliza tena. Daraja. Alikuwa anasoma sauti ile kama wengine wasomavyo mawingu, na kila siku alisoma kitu tofauti. Ndani ya jiji zima Nonna peke yake ndiye angeweza kujua, na ndiye hana neno la kumwambia.

Nikachoka. Siku moja nikamvuta kando.

"Muache mwenzio. Unamtesa."

"Nataka kujua tu."

"Ukijua utafanya nini? Mkono wake utarudi?"

"Nitajua naishi na nani," akasema. "Sasa hivi nikinyoa kwenye kioo simjui huyo anayenitazama."

Nikarudi kwenye sufuria zangu.

Masika yaliyofuata Nonna alipata nafuu kidogo. Alianza kutikisa kichwa juu na chini, yaani ndiyo. Demyan aliligundua akiwa anamuuliza habari za uji, na pale pale niliona linamjia. Alipiga magoti, akaushika ule mkono mlemavu.

"Nonna. Nilipiga kengele?"

Nonna alimtazama usoni. Akatikisa kichwa. Ndiyo.

Jamani, yule mzee alilia kama mtoto. Aliinuka akazunguka jikoni, akanikumbatia na kisu changu mkononi, akagonga mlango wa kila jirani. "Nilipiga! Amesema nilipiga!" Alitoka akarudi na keki, na chupa, na maua ya dukani. Tulikula sisi wote wa fleti ile, hata mwizi wa supu. Nonna alikaa katikati, uso umechangamka, anatuangalia mmoja mmoja. Kwa siku ile moja nilimwona Demyan akiegemeza kiti chake ukutani kama enzi zile.

Kesho yake nilikuwa napasha maziwa. Yeye alikuwa amekaa kimya mbele ya mkewe tangu chai, hajanyoa. Halafu akasema, taratibu kabisa, bila kupiga magoti, "Nonna. Siku ile sikupiga kengele. Sivyo? Sikupiga."

Nonna alimtazama kwa huruma ile ile, kwa macho yale yale ya jana. Akatikisa kichwa. Ndiyo.

Maziwa yalinichemkia yakamwagika juu ya jiko, sikuyaona. Demyan alibaki amekaa. Baadaye akanyanyua mkono, akamfuta mkewe pembe ya mdomo kwa leso, akasema, "Haya. Haya, mama." Hakumuuliza tena hata siku moja.

Nimefikiri sana juu ya zile ndiyo mbili. Labda alikuwa hajui anaulizwa nini. Labda alikuwa anajua vizuri mno, akampa mumewe kila alichokuja kuomba, kwanza kile, kisha hiki. Daktari angesema la kwanza. Mimi niliyekaa naye jikoni siwezi kusema.

Kiangazi kile kizima alimtoa nje kila jioni njema, kwenye kiti cha magurudumu alichokitengeneza mwenyewe yadini. Hawakwenda kwenye gati. Walikuwa wakisimama juu ya daraja dogo la karibu na kwetu, lile la simba, na boti zilipopita chini ya miguu yao, msichana fulani na kipaza sauti chake anasimulia, Nonna alikuwa akimsikiliza akikunja na kukunjua midomo. Nilikwenda nao mara moja tu. Sikwenda tena.

Kiharusi kilimkuta mwezi wa pili, wakati wa baridi kali, mchana, Demyan akiwa kazini. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Alishika kikombe, kikombe kikaanguka, akanitazama kama anayetaka kuniuliza kitu, na hata lile neno lake halikutoka. Nilimpigia Demyan simu yadini. Alikuja akikimbia juu ya barafu bila koti, na bado alichelewa.

Tulimzika udongo ukiwa mgumu kama chuma. Wachimbaji waliwasha moto kwanza kuulainisha. Walikuja wasimulizi wenzake wa boti, wanawake wenye sauti nzuri, na hakuna aliyejua la kusema. Mmoja alianza, "Nonna wetu alijua kila jiwe..." akashindwa kumaliza. Demyan alitupa udongo wake, akavaa kofia, akatushukuru sote kwa majina. Kisha tukarudi nyumbani kula chapati na uji mtamu wa ngano, kama desturi ya msiba.

Leseni yake ilirudishwa mwaka ule ule. Mkuu wa boti alikuja mwenyewe hadi nyumbani, mtu muungwana, akavua viatu mlangoni.

"Demyan Savelyevich, nina boti mpya na sina mtu wa kuaminika. Njoo, bwana. Watu wanakusubiri."

"Macho yangu hayaoni vizuri," Demyan akasema.

Macho yake yalikuwa mazima. Alikuwa akinitungia uzi kwenye sindano. Mkuu alinitazama mimi, nami nikatazama birika. Akamaliza chai yake akaenda zake.

Baada ya hapo Rimma alikuja kumchukua, na safari hii hakubisha. Alifunga sanduku moja. Suti ya harusi aliniachia nimpe mtu mwenye mwili mdogo. Asubuhi ya kuondoka alifua mapazia ya chumba kile, akayatundika yakiwa bado maji, eti anayekuja asikute vumbi. Kituoni alinipa mkono kama mwanamume mwenzake.

"Kapa, ulitupikia."

"Mlinilisha pia."

"Basi," akasema, akapanda.

Rimma hunipigia simu sikukuu. Anasema baba analima viazi nyuma ya nyumba, anampeleka mjukuu shule na kumrudisha, halalamikii kitu. Mwaka jana mwalimu alimwagiza yule mtoto amuulize mtu mzima habari za mji wetu, makasri yake, makumbusho yake, madaraja yake, ili asimulie darasani. Mtoto akamwendea babu, akijua alikaa huko miaka mingi. Mzee aliweka jembe chini.

"Kuna maji mengi," akamwambia. "Na upepo. Vaa kofia yako, twende."

Rimma alinisimulia kama jambo la kuchekesha. Nami nilicheka naye kwenye simu, nikamuuliza hali ya watoto, nikamwambia huku kwetu theluji imeanza mapema.